Ngama Kavu Katika Mashua ya Zamani: Yafuate Maji Hadi Yanakotoka

Kila asubuhi, kabla ya kubandika chai, mimi huinua ubao wa ngama, yaani pale chini kabisa ndani ya mashua maji yanapojikusanya, nikanusa, nikachovya kidole katika maji yaliyojikusanya usiku na kukiweka ulimini. Yakiwa ya chumvi, naendelea na shughuli zangu. Yakiwa ya baridi, yaani matamu kama ya kisima, siku hiyo nimepata kazi.

Mgeni wa vyombo angedhani ni kinyume chake. Angeona maji ya bahari ndiyo ya kuogopa, kwa kuwa ndiyo yanayozamisha. Lakini mashua ya zamani nyingi nilizoziona zikifia ufukweni hazikuzama. Zilioza taratibu kutoka ndani, na kilichozioza ni maji ya mvua yaliyokaa ngamani miezi na miezi bila mtu kuyauliza yametoka wapi.

Mashua yangu ni ya futi 28, imepita miaka 30, imepigiliwa misumari ya chuma, na tumboni ina injini ndogo ya dizeli iliyotiwa baadaye. Ninayoyaeleza hapa ni ya chombo cha aina hiyo: mashua, jahazi, au boti yoyote ya tanga iliyoundwa kwa mbao na kupigwa kalafati, yaani pamba ya kuziba mishono baina ya mbao. Mwenye boti ya faiba atafaidika na sehemu ya sitaha, ya shafti na ya pampu, na ile ya mishono anaweza kuiruka.

Tuelewane jambo moja tangu mwanzo. Chombo cha mbao kikiwa majini hakikauki kabisa, na wala hakitakiwi kukauka, kwa sababu mbao zinabana pale zinapokunywa maji. Mitepe ya kale ya visiwa vya Lamu, iliyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, ilikuwa ikivuja safari nzima, na mabaharia wakipokezana kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje. Sisi tuna misumari na kalafati, hivyo tunaweza kutaka zaidi ya hapo: maji kidogo, yaliyo mahali pamoja, yanayojulikana yameingilia wapi.

Hatua ya kwanza: iache wazi na uisafishe

Huwezi kutafuta uvujaji katika ngama iliyojaa tope. Chagua siku ya jua, fua maji yote, kisha toa mbao za chini zote. Ziandike namba kwa chaki kabla ya kuzitoa, maana kila moja ina mahali pake na jioni utakuwa umechoka.

Baada ya hapo toa farumi, ule uzito unaowekwa chini kukituliza chombo. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa kuwa ni nzito, lakini bila hivyo huoni kitu. Ikiwa farumi yako ni mchanga katika mifuko ya nailoni, tazama mifuko mingapi imepasuka. Jua na chumvi huila ile nailoni, mchanga humwagika, na mchanga ukishachanganyika na mafuta ya injini na magamba ya samaki unakuwa kama udongo wa kukandikia. Unaziba njia za maji na kukaa umebana unyevu kwenye mkuku, ule mti wa chini ulio uti wa mgongo wa chombo, mwaka mzima. Mimi nimehamia kwenye mawe ya mviringo yaliyooshwa, yaliyowekwa juu ya fito ili maji yapite chini yake. Ukipenda kubaki na mchanga, tia mifuko miwili miwili, mmoja ndani ya mwingine, na uibadilishe kabla haijaanza kuchanika.

Sasa kwangua. Tumia kikwanguo cha mbao au plastiki, si panga, ili usiumize mbao. Utakuta makaa, nyuzi za kamba, mabua ya makuti, vifundo vya mshipi. Vitu hivi vidogo ndivyo vinavyoziba pampu usiku wa dhoruba.

Chini ya kila taruma, yaani ubavu wa ndani unaopigiliwa mbao, karibu na mkuku, fundi aliacha kitundu cha kupitishia maji yaelekee sehemu ya chini kabisa. Katika chombo kizee nusu ya vitundu hivyo huwa vimeziba. Vizibue kwa waya mnene, kimoja baada ya kingine, hadi cha mwisho. Kisha pitisha mnyororo mwembamba au kamba ngumu ndani ya vitundu vyote toka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) na uiache humo. Ukiivuta mbele na nyuma mara moja kwa wiki, vitundu havizibi tena. Ni kazi ya dakika moja, na sijui kwa nini si kila chombo kinayo.

Maliza kwa kumwaga ndoo moja ya maji ya bahari omo, uende ukasubiri tezi. Maji yote yanapaswa kufika. Yakikwama njiani, panapokwama patie alama.

Ngama ikiwa wazi namna hii, chukua kisu chenye ncha ukague mbao. Ubao mzima hukataa kisu. Uliooza hukipokea kama papai. Dunga hasa pale taruma linapokutana na mkuku, na chini ya mlingoti. Tazama pia michirizi ya kutu inayoshuka kutoka kwenye vichwa vya misumari, na weusi unaoizunguka. Vyote viandike.

Hatua ya pili: yatambue maji

Ladha nimeshaisema. Ila nusa kwanza, na ukisikia dizeli au ukiona upindeupinde wa mafuta juu ya maji, usionje. Ya chumvi yameingia kutoka chini au kutoka ubavuni. Ya baridi yametoka juu, au yametoka kwenye tangi lako la maji ya kunywa. Kulitenga tangi ni rahisi: tia ndani rangi ya chakula, ile nyekundu ya kupikia, na usubiri siku mbili. Ngama ikigeuka rangi, umempata mhalifu. Ikibaki vilevile, tazama juu, kwenye sitaha.

Maji ya chumvichumvi kidogo, si ya bahari kamili wala si ya kisima, ni mchanganyiko. Hapo una uvujaji wa aina mbili, na usiridhike ukishapata mmoja.

Kisha pima. Chonga kijiti kilichonyooka, ukitie alama kila upana wa kidole, na ukisimamishe mahali palepale, saa ileile, chombo kikiwa kimetulia. Andika katika daftari: tarehe, vidole vingapi, mvua ilinyesha au haikunyesha, ulisafiri au ulikuwa nangani, injini iliwaka saa ngapi. Wiki mbili za namba hizo zitakueleza zaidi ya fundi yeyote anayekuja kutazama mara moja.

Daftari langu ndilo lililonionyesha kwamba maji yalikuwa yakiongezeka siku tulizosafiri kwa upepo wa ubavuni tu. Nangani palikuwa shwari. Nilikuwa nimetumia mwezi mzima nikishuku mkuku, kumbe ni mshono wa juu ya mstari wa maji, uliokauka kwa jua na kuachana. Chombo kikilala upande, mshono ule ulikuwa ukizama na kunywa maji. Kikisimama wima, unakaa juu na kuonekana hauna kosa.

Namba pia hukutuliza pale unapoogopa bure. Tone moja kila sekunde linatisha ukilisikia usiku, tipu, tipu, tipu. Lakini matone 20 hivi ni mililita moja, kwa hiyo tone moja kila sekunde ni lita 4 na kidogo kwa siku nzima. Hiyo ni sufuria moja. Sasa linganisha na bomba lililochomoka na kuacha tundu la sentimita 2.5, nusu mita chini ya mstari wa maji: hapo inaingia karibu lita moja kila sekunde. Ndoo ya lita 20 inajaa kabla hujamaliza kuvaa shati. Kwa hiyo matone yarekebishe kwa utulivu, lakini mabomba na vali zake uzikague kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya tatu: uzuie mvua isiingie

Ukuvu unaoozesha mbao unahitaji hewa na unyevu, hasa wa maji yasiyo na chumvi. Mbao ikiwa na unyevu chini ya asilimia 20, ukuvu hauwezi kuishambulia. Ikiwa imelowa maji ya bahari, unapata shida sana kuota. Ndiyo maana wazee huosha sitaha kwa maji ya bahari asubuhi na jioni, hata pale ambapo maji ya bomba yapo karibu. Huko Marekani waunda meli za mbao walikuwa wakijaza chumvi ya mawe baina ya mataruma kwa sababu hiyohiyo. Mvua ndiyo inayoharibu mpango huu wote: inaosha chumvi, inaingia pembeni, inakaa chini ya mbao pasipofika upepo.

Ili kujua inapoingilia, subiri siku kavu, na muwe wawili. Mmoja aingie ndani na tochi, mwingine abaki juu na ndoo na kopo. Anzeni kumwaga sehemu ya chini kabisa ya sitaha, pembeni inapokutana na ubavu, na mpande polepole kuelekea katikati. Mkianza juu, maji yatateremka na kulowesha kila kitu, na hamtajua lolote. Kaeni dakika tano kila mahali. Aliye ndani asitazame tone linapoangukia. Alifuate nyuma kwa kidole, maana maji husafiri juu ya boriti, na tone linaloanguka hapa linaweza kuwa limeingia mita moja kutoka hapa. Ukinyunyiza unga wa chaki juu ya mbao kavu, njia ya maji itajichora yenyewe.

Kwa kawaida utakuta ni moja ya haya: mzunguko wa mlingoti, kingo za mlango wa sitaha, boliti zilizofungwa kushikilia pete na kamba, au mshono wa pembeni kabisa baina ya sitaha na ubavu. Boliti ndizo zinazodanganya sana. Mtu hupaka gundi juu ya kichwa cha boliti na kuona amemaliza, huku maji yakiendelea kupita chini ya gundi. Itoe boliti yote, ukaushe tundu, zungusha pamba yenye mafuta chini ya kichwa, tia gundi ya mpira ya baharini ndani ya tundu, ndipo uifunge. Na ile gundi inayokauka ikawa ngumu kama jiwe usiitumie mahali utakapohitaji kufungua siku nyingine. Utang'oa ubao pamoja nayo.

Masika yakikaribia, funika. Laza turubai juu ya foromali (mti wa kufungia tanga) au mti mrefu ili liwe na mgongo, maji yateremke pande mbili hadi nje ya chombo. Acha omo na tezi wazi upepo upite. Turubai lililobana pande zote linafanya chombo kutoka jasho, na jasho ni maji ya baridi vilevile.

Mvua ikikushinda ikaingia, fua yote, kisha mwaga ndoo mbili tatu za maji safi ya bahari ngamani, uzisukasuke, na ufue tena. Mbao za chini ziache zimeinuliwa hadi jioni. Nimefanya hivi kwa miaka na mkuku wangu bado unakataa kisu.

Hatua ya nne: shafti, mabomba na vali

Jahazi lisilo na injini halina haja ya sehemu hii. Penye injini, pana shafti inayotoka nje kupitia tundu, na tundu hilo linazibwa kwa kamba ya pakingi iliyopakwa grisi na kukazwa kwa nati kubwa. Kwa mtindo huu wa zamani, shafti ikizunguka inatakiwa itoe matone mawili matatu kwa dakika, kwa sababu maji hayo ndiyo yanayoipoza. Injini ikizimwa, yakome au yabaki tone la hapa na pale.

Matone yakizidi, kaza nati kidogo tu, robo ya mzunguko au chini yake, kisha uwashe injini, utie gia, utazame. Iguse nati kwa uangalifu, mbali na shafti inayozunguka: ikiwa ya uvuguvugu ni sawa, ikiwa moto hadi hushikiki, umekaza mno na utaila shafti. Ukifika mahali unakaza kila wiki, pakingi imekwisha. Itoe yote, usitie mpya juu ya kuukuu. Kata vipande vinavyozunguka shafti mara moja kila kimoja, na maungio yake yapishane, yasiwe mstari mmoja. Kazi hii ifanye chombo kikiwa kimepwelewa, yaani kimekaa mchangani maji yakiwa yametoka.

Mabomba ya mpira yote yaliyo chini ya mstari wa maji yaminye kwa mkono. Yaliyokauka na kupasuka, au yaliyolainika kama matope, badilisha. Kila mwisho wa bomba utie klipu mbili za chuma kisichoshika kutu. Vali zifungue na kuzifunga zote kila mwezi ili zisigande, na kando ya kila vali funga kwa kamba kipande cha mti laini kilichochongwa kama karoti, kinachoingia tundu lile. Siku bomba litakapochomoka usiku hutakuwa na muda wa kuchonga.

Jambo la hatari ambalo watu hulisahau: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Mtungi ukivuja, gesi inateremka na kujikusanya ngamani kama maji. Mvuke wa petroli ni hivyohivyo. Kabla ya kuwasha injini, pampu ya umeme au jiko, inua ubao unuse. Ukisikia harufu usiguse swichi yoyote. Funga mtungi, fungua kila mahali, uache upepo ufanye kazi yake.

Hatua ya tano: upo na pampu

Upo, yaani kata ya kufulia maji, na ndoo vibaki chomboni hata kama una pampu tatu. Mtu mwenye hofu na ndoo mkononi hutoa maji mengi, na ndoo haihitaji betri. Pampu ya mkono ifungwe mahali ambapo mshika usukani anaweza kuipiga bila kuachia usukani.

Pampu ya umeme iwekwe pale kijiti chako kinapoonyesha maji mengi zaidi, iwe na chujio, na iwe na swichi ya kuelea inayoiwasha yenyewe maji yakipanda. Waya zake zitoke betrini moja kwa moja kupitia fyuzi, zisipite kwenye swichi kuu, la sivyo siku ukizima umeme wote na kwenda nyumbani, umezima na mlinzi. Maungio ya waya yawe juu, karibu na sitaha. Yakikaa ngamani yataliwa na chumvi ndani ya miezi michache.

Usiamini namba iliyoandikwa juu ya boksi. Pampu ilipimwa ikisukuma maji bila kuyapandisha. Ukiyapandisha mita moja na nusu kwa bomba lenye kona, unapata pungufu sana. Tumia bomba lenye ndani laini, lisilo na mikunjo kama koo la ng'ombe. Lipandishe juu sana chini ya sitaha kabla ya kulishusha kwenye tundu la kutokea, na tundu hilo liwe juu hata chombo kikilala upande. Niliwahi kukesha nikifua maji yaliyokuwa yakiingia kupitia bomba la pampu yenyewe: chombo kililala, tundu likazama, bahari ikarudi ndani kwa njia niliyoitengeneza kwa mkono wangu.

Ukiweza, funga kifaa cha kuhesabu ni mara ngapi pampu imewaka. Bila hicho, pampu inaweza kukuficha uvujaji unaokua, kwa kuwa kila ukiinua ubao unakuta maji ni yaleyale.

Maji yenye dizeli au oili usiyasukume baharini. Weka chini ya injini sinia la kukinga matone, na yaliyokwisha kuingia yafyonze kwa matambara uyapeleke nchi kavu. Tunaegesha karibu na mikoko na chaza, na wanaookota chaza hao ni jamaa zetu.

Hatua ya sita: mishono

Maji yakiwa ya chumvi, shafti na vali ni nzima, na kijiti bado kinapanda, inabaki mishono na misumari. Hapo inabidi kupweleza.

Bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, hufika kilele siku moja au mbili baada ya mwezi mpya na mwezi mpevu, na pwani yetu maji hupanda na kushuka mita tatu hadi nne siku hizo. Ingiza chombo kwenye mchanga siku moja au mbili kabla ya kilele, ili maji ya kesho yawe makubwa kuliko ya leo na yakuelee. Ukiingia kilele kikishapita, unaweza kukaa wiki mbili ukisubiri bamvua ijayo. Kama una kazi ya wiki mbili, basi hiyo ndiyo nafasi nzuri. Kisimamishe kwa magadi, yaani miti ya kukiegemeza, pande zote mbili, kisilalie upande mmoja.

Usisubiri kikauke nje ndipo utafute. Chombo kilichovuja kuingiza maji kitavuja pia kuyatoa: maji ya ngama yaache humo, zunguka nje bahari inapotoka, na utazame pale panapolia. Tia alama kwa chaki haraka, kabla jua halijakausha kila kitu. Mshono wa kutazama kuliko yote ni ule wa ubao wa kwanza unaokutana na mkuku. Hapo ndipo uzito wote wa chombo, wa farumi na wa mlingoti unapoegemea.

Kisha fua kilichobaki na uanze kazi. Toa pamba ya zamani kwa chuma kilichopindwa ncha, hadi uone mbao safi pande zote mbili. Mshono mzuri ni mpana nje na umebana ndani. Ukiona mwanga wa ndani, pamba itapita moja kwa moja. Mahali hapo panahitaji kipande cha mbao au ubao mpya, na hiyo ni kazi ya fundi wa kuunda, kama wale wa Matondoni kule Lamu au Nungwi kule Unguja. Usijidanganye nayo.

Sokota pamba iwe uzi mnene, ichovye katika sifa (mafuta ya samaki) au mafuta ya nazi, uikamue. Ipige kwa chembeu na nyundo, kwanza kwa vikunjo vidogo vidogo, kisha rudi ukaze. Sikiliza. Mshono mtupu unatoa sauti nzito, ya mfu. Ukianza kujaa sauti inakuwa kali na inalia. Ikishalia, acha. Kosa kubwa kuliko yote katika kalafati ni kupiga mno chombo kikiwa kikavu. Mbao zitakaporudi majini zitavimba, na kwa kuwa hakuna nafasi iliyobaki, zitasukumana hadi zing'oe misumari kutoka kwenye mataruma. Nimeona mashua iliyopigwa kalafati na vijana wenye nguvu na haraka, wiki iliyofuata ikavuja mara tatu ya mwanzo.

Msumari unaotoa kutu na kucheza, ung'oe, na mpya upigwe kando, mahali penye mbao nzima, ukiwa umezungushiwa pamba yenye mafuta chini ya kichwa. Tundu la zamani lizibwe kwa kigingi.

Juu ya pamba paka deheni: chokaa na shahamu vilivyokandwa pamoja hadi vinakuwa laini. Inabaki laini miezi mingi, na mbao zikivimba inatoka kidogo nje badala ya kupasuka. Kabla ya kuipaka, wengi hupitisha moto wa makuti makavu chini ya chombo kuua wadudu wanaotoboa mbao. Fanya hivyo pamoja na mtu anayejua, ndoo za maji zikiwa karibu, na pasipo upepo.

Saruji usiimwage ngamani hata mtu akikuambia nini. Inaziba kwa msimu mmoja, kisha maji yanapita baina yake na mbao, na mbao inaoza pasipoonekana. Mashua yangu nilinunua ikiwa na saruji karibu na tezi. Nilipoivunja, nilitoa ubao kwa mikono mitupu.

Ukikwama safarini na mshono umefunguka, kuna njia ya wazee ya kukufikisha. Jaza kopo kwa unga wa msumeno, mtu apige mbizi nalo limegeuzwa kinywa chini, na aligeuze juu chini ya mshono. Unga ukipanda, maji yanaufyonza hadi kwenye mwanya, unavimba na kuziba. Ni wa siku hiyo tu.

Hatua ya saba: kurudi majini

Usiku wa kwanza baada ya kuelea, lala chomboni. Mbao zilizokauka zitavuja, wakati mwingine kwa kutisha, na hii si dalili kwamba kazi yako ni mbaya. Zipe muda zinywe. Piga kijiti kila saa, fua, andika. Usikimbilie kukaza wala kupiga pamba tena.

Usiku ule mimi nilihesabu ndoo 11 hadi alfajiri. Siku ya pili zilikuwa nne. Siku ya tatu nilifua kwa upo, na ya tano kijiti kilitoka na kidole kimoja cha maji. Niliyaonja. Yalikuwa ya chumvi.